Kengele za Ivano

Benchi la chuma nje ya baa ya Mirella, hapa kwenye uwanja wa mji wa Savona, Italia, lina nafasi ya watu wanne, na tangu Pasaka wanakaa watatu. Nafasi ya nne wameiwekea gazeti, kana kwamba gazeti nalo linachoka. Ottavio, aliyekuwa akipita majumbani kurekebisha sauti za piano mpaka alipostaafu, wanamwita Sikio, na kijiweni hapo neno lake juu ya muziki ndilo la mwisho. Renzo, aliyeendesha winchi bandarini, ni Profesa kwa sababu ya methali zake. Gualtiero ni Jenerali, ingawa jeshini alikuwa akimenya viazi. Wa nne alikuwa Ivano, fundi wa kurekodi. Huyo walimfukuza, na hasira bado ni mbichi.

Kosa lake linajulikana uwanja mzima. Kampuni ilimpa kazi ya kuisafisha upya sauti ya ile santuri ya bendi ya Vetrai, Ngazi ya Chumvi, ya mwaka sabini na tatu, ambayo wanne hawa waliinunua wakiwa vijana wakaibishania mpaka wakaota mvi. Inaanza na kengele ndogo, nyembamba, kabla kinanda hakijaingia kwa kishindo. Siku Ivano alipowaletea toleo lake jipya, Ottavio alisikiliza, akavua miwani, akasema kengele hazimo. Wenzake wakaitikia papo hapo. Ivano alisema zipo, akarudia kwamba zipo, kisha akainuka. Siku hizi anakunywa kahawa yake kwenye baa ya ng'ambo, peke yake, kawapa mgongo.

— Bila kengele ile si santuri, ni sahani ya kulia pasta, alisema Jenerali.

— Acha zako. Uzito wa kazi ile uko kwenye kinanda, pale mapigo yanapokuwa saba na wewe mguu wako unapiga manne.

— Mguu wangu una baridi yabisi, Profesa. Usiuingize kwenye muziki.

— Kinanda kinakuja kwa sababu kengele zimekiita, alisema Ottavio. Ukiziondoa, kinakuwa mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

Sikio akisema, amesema.

— Mimi nasema kaziondoa kwa wivu, alisema Profesa. Si alitaka kuwapigia ngoma Vetrai, wakamkataa?

— Alikuwa na miaka kumi na minne, bwana we, alisema Jenerali.

— Wivu hauna umri. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia polepole.

Jenerali akashusha sauti.

— Si wivu, ni kampuni. Wamezitoa makusudi, ili mwakani watuuzie toleo jingine limeandikwa juu: sasa lina kengele. Na kwa sasa wamezikodisha kwenye tangazo la biskuti. Nilizisikia Krismasi, kwa masikio yangu haya.

— Mimi nimelea piano za mji huu mzima, alisema Ottavio. Halafu mtu ananitazama usoni ananiambia zipo. Nilimwita mzika kengele, na leo namwita tena.

— Sikio la kufa halisikii dawa, alisema Profesa, na mara hii wote waliona methali imekaa mahali pake.

Hapo akaja Ornella, mkwe wa Jenerali, aliyehamia kwao mwezi huu kutoka mji wa Cuneo.

— Baba, supu inapoa.

— Kaa kidogo, mwanangu. Tuko msibani.

Akaliondoa gazeti, akaketi nafasi ya Ivano. Walipomweleza msiba wenyewe, alitoa simu, akalitafuta lile toleo jipya, akalifungulia, akaiweka simu gotini. Wazee watatu wakainama.

— Umeona? alisema Jenerali. Kimya. Jangwa.

— Kimya vipi, baba? Si hizi zinalia? Nzuri kweli.

Ottavio alimgeukia Ornella.

— Zikilia, inua kidole, alimwambia.

Kidole kikapanda, kikashuka, kikapanda. Ottavio alijua kila kengele inaangukia wapi, na kidole cha binti huyu, ambaye hajawahi kuisikia santuri ile, hakikukosea hata mara moja. Yeye alisikia magari tu. Akaikumbuka santuri yake ya zamani nyumbani, ambayo tangu mwaka jana nayo ilikuwa imenyamaza pale mwanzoni. Aliilaumu sindano, akanunua nyingine, kisha akailaumu na hiyo. Kumbe si sindano, ni masikio yake mwenyewe.

— Ivano kamfundisha, alinong'ona Profesa.

— Hata hamjui, alijibu Jenerali, sauti imemnywea. Labda simu inazitia yenyewe. Simu za siku hizi zina akili.

Kinanda kikaingia. Hicho walikisikia wote watatu, na hakuna mguu uliopiga pigo.

Ng'ambo ya uwanja, Ivano aliinua glasi yake ya maji akaigonga kwa kijiko. Ottavio alikiona kijiko. Ornella ndiye aliyegeuka.

— Yule baba anayemwita mhudumu, ndiye Ivano wenu?

— Ndiye, alisema Ottavio.

— Kwani aliwakosea nini?

Profesa alitafuta methali, akaikosa. Jenerali aliinua kikombe kilichokwisha zamani, akakinywa hivyo hivyo. Ottavio alisimama nusu, akalitazama lile koti la kijivu, akajaribu kulipata neno la kuanzia. Kisha akakaa. Ivano alikuwa anakoroga kahawa yake, kawapa mgongo vilevile.