Mzee Dakika na Saa Zilizokubaliana

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, Mzee Dakika, fundi wa kompyuta wa hospitali yetu, atastaafu baada ya miaka thelathini na moja kazini. Keki itakatwa saa tisa na nusu, kwa sababu amegoma kuondoka hata dakika moja kabla au baada ya muda.

Alipoajiriwa, kila kompyuta hapa ilikuwa na saa yake. Maabara ilitangulia dakika kumi, famasi ilijikokota, na chumba cha upasuaji kilikuwa bado mwaka uliopita. Kila Jumatatu alizirekebisha moja moja akinuna, na ndevu zake zikiwa na makombo ya mkate.

Kisha akaleta mtandao. Seva, yaani kompyuta kuu, iliyo ofisini kwake huuliza saa kwa seva za nje, na kompyuta zetu zote huiuliza hiyo. Saa ya kompyuta ikiteleza kidogo, husogezwa taratibu. Ikipotea mno, mfumo hukataa kuigusa na kumlalamikia Mzee. Tulimchukia kweli, maana rejista ya mahudhurio ilikuwa humo humo na visingizio vyetu viliisha kwa siku moja.

Mimi, muuguzi wa wodi ya watoto, sikukubali kushindwa. Asubuhi moja nilichelewa dakika ishirini, nikaichezea saa ya kompyuta ya wodini, na kwa haraka nikairudisha nyuma saa mbili nzima. Saa nne nilimchoma binti mmoja dawa kali ya maumivu, ya kurudiwa kila baada ya saa sita. Kompyuta ikaandika saa mbili. Saa nane mwenzangu alinipokea zamu, akatazama saa yake ya mkononi, akapiga hesabu akaona saa sita zimetimia, kumbe zilikuwa nne tu, akavuta dawa kwenye sindano.

Mzee alikuwa ameshinda stoo akihesabu nyaya. Aliporudi ofisini akakuta malalamiko ya mfumo, na mtu ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza akaingia wodini anahema, kiatu kimoja mkononi. Akaomba sindano iwekwe chini, akauliza nani kagusa saa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikasema ni mimi. Hakunifokea. Alivuta kiti, akakaa nami mpaka nikamaliza kuandika ripoti ya kosa langu kwa mkono wangu.

Binti yule aliruhusiwa baada ya siku tatu, akitembea mwenyewe. Mzee, kisa hiki hujawahi kukitangaza, hata nilipokusema vibaya kwenye chai. Asante kwa uhai wa mtoto yule. Tunakutakia mapumziko marefu na afya njema, wewe na mkeo. Mimi kila nikivuta dawa kwenye sindano hutupa jicho mlangoni kwanza, na Jumatatu nitatazama tena, ingawa najua hutakuwepo.