Fundi Nikolao Nandonde na Maji ya Moto ya Makote
(6 Desemba 1951 – 9 Julai 2025)

Wazee wetu shikamooni, na ndugu wote mliotoka Nanganga, Masasi, Newala mjini na hapa jirani, poleni na msiba. Marehemu aliacha agizo moja kuhusu maneno haya yatakayosomwa mbele yake. Alilitoa akiwa mzima kabisa, anakunywa chai. Alisema, "Msije mkanipamba. Mkisema nilikuwa mpole watu watacheka makaburini." Basi familia haitasema kwamba alikuwa mpole.

Marehemu Nikolao Stefano Nandonde alizaliwa tarehe 6 Desemba 1951 hapa hapa Makote, Wilaya ya Newala, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Stefano Nandonde na marehemu Bi. Esther. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Nikolao, kwa hiyo jina halikuwasumbua wazazi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema lakini hakuchelewa kufungua vitu. Alianza na kufuli, akafuata taa ya chemli, kisha saa ya ukutani ya padri. Saa hiyo ilirudishwa ukutani ikiwa imepungukiwa skrubu mbili, na ikaendelea kwenda.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Alitamani sana kuendelea na masomo ya sekondari kule Chidya, lakini hakuchaguliwa. Hakuwa na kinyongo, ila hadi uzeeni kila gari lilipompitisha njia ya Chidya alikuwa anavua kofia. Mwaka 1967 mjomba wake, Mzee Yoeli, alimchukua kwenda Nanganga, alikokuwa akisaga nafaka kwa injini ya dizeli. Ni ile injini ya zamani ya silinda moja, inayokaa mahali pamoja juu ya zege, yenye magurudumu mawili mazito ubavuni na hendeli ya kuzungushia. Mwaka mzima wa kwanza mjomba hakumruhusu kushika spana. Alimpa bisibisi, akamwambia aweke ncha kwenye chuma na mpini sikioni, asikilize tu. Marehemu alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo sekondari yake, na kwamba alifaulu.

Mzee Yoeli alipofariki mwaka 1981, mila ilifuatwa na mashine ikaja kwa mpwa. Ilipandishwa huku juu uwandani kwa lori la korosho, watu tisa wakiisukuma na marehemu akiwafokea wote. Aliijengea banda nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka jikoni. Hapo ndipo palipokuwa ofisi yake kwa miaka arobaini na mitatu. Alisaga mahindi na mihogo ya kata nzima, na watu wenye mashine za aina hiyo, kuanzia Masasi hadi Newala, walimjia akawatengenezea. Aliyesema mashine yake inatoa moshi mweusi aliulizwa kwanza inasikikaje. Kama hakuweza kuiga sauti yake, alirudishwa nyumbani akaisikilize vizuri. Kuna mzee mmoja, mtu mzima na heshima zake, aliyesimama katikati ya banda akanguruma mbele za watu mpaka marehemu akasema, "Hiyo ni nozeli." Ilikuwa nozeli kweli, ile ya kupulizia dizeli.

Tarehe 8 Oktoba 1983, marehemu alifunga ndoa takatifu na Bi. Anastasia kutoka Nanganga, ambaye wote tunamwita Mama Oliva. Binti wa watu alitoka mahali ambapo maji hayakuwa taabu, akaletwa huku juu, bomba limekauka, na maji yapo bondeni, kushuka saa nzima na kupanda saa nzima na nusu ukiwa na ndoo kichwani. Juma la kwanza la ndoa aligundua kwamba kati ya ndoo tatu alizopandisha, mbili zinaishia kwenye pipa la kupoozea mashine. Akaweka ndoo chini, akauliza, "Baba we, mimi nimeolewa na wewe au na hilo pipa?"

Marehemu akamjibu, "Na wote wawili, mke wangu. Ila pipa halili."

Mama Oliva hakucheka. Siku ya tatu akatoa hukumu yake: maji yanayoingia kwenye pipa ni ya mashine, lakini yakishapata moto ni yake. Kuanzia siku hiyo maji ya mashine yalikuwa na mwenyewe. Wageni hawajui baridi yetu ya Juni na Julai, na kuni nazo ni kazi. Kila mashine ikinguruma, akina mama wenye watoto wachanga walikuwa wanapiga hodi na ndoo tupu: "Shikamoo Mama Oliva, yameshapata moto?" Marehemu alilisugua pipa lile kila Jumapili baada ya ibada, na akawa mkali kwa mtu yeyote aliyelisogelea na mkono wenye oili. Wengi mliosimama hapa leo, wakiwemo viongozi wetu wawili tusiowataja, mliogeshwa kwa mara ya kwanza na maji yaliyotoka kwenye mashine ya Fundi Nikolao.

Ndoa yao ilikuwa na amani isipokuwa mwaka 1984. Mwaka huo gasketi ya kifuniko ilichanika, na marehemu hakupata karatasi ngumu ya kukata nyingine. Akatafuta ndani. Cheti cha ndoa cha familia hii hadi leo hakina jalada. Mama Oliva alipoligundua jambo hilo alisema mbele ya mashahidi kwamba mkono wake hautagusa chuma kile mpaka anaingia kaburini. Marehemu alilipokea akasema gasketi ile haijavuja hata tone. Walijaliwa watoto watatu, na Mama Oliva akalinda kiapo chake kwa miaka arobaini.

Umeme ulipofika, wateja walihamia kwenye mashine za umeme, na marehemu hakuwalaumu. Lakini kila Jumamosi aliiwasha yake, kwa maelezo kwamba ikikaa sana itasahau. Walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani yao. Aliwakaribisha, akawapa kahawa, kisha akapanda mwenyewe kwenye mizani akasema, "Anzeni na mimi, ndiye chakavu zaidi."

Mwezi Novemba mwaka jana aliifumua mashine yote ili abadilishe ringi za pistoni. Alikuwa bado anazisubiri ringi kutoka Masasi pale alipopatwa na kiharusi, tarehe 14 Januari 2025. Alilazwa hospitali, akahudumiwa vizuri, na tunawashukuru madaktari na wauguzi. Alirudi nyumbani mwezi Machi akiwa amepoteza nguvu za mkono wa kulia na maneno yote. Vipande vya mashine vilikuwa kwenye mabeseni manne chini ya kitanda chake. Kila asubuhi alikuwa anayaangalia yale mabeseni, anageukia ukutani, na hali chakula. Familia nzima ilijua anachokitaka. Alitaka aisikie tena mara moja kabla hajaondoka, na mtu aliyeweza kuiunga alikuwa yeye peke yake.

Siku ya Pasaka Mama Oliva aliweka chini sahani ya wali ambayo marehemu alikuwa ameikataa. Akamwita binti yake mkubwa. "Oliva, mwanangu, vuta hayo mabeseni."

"Mama, na kiapo?"

"Nimeapa mimi, sikumwapisha baba yako. Nitakivunja mwenyewe. Vuta."

Marehemu alitolewa nje, akaketishwa mlangoni mwa banda na fimbo yake katika mkono wa kushoto. Ndipo yakaanza masomo. Fimbo ikigonga mara moja, ni sawa. Ikigonga mara mbili, fungueni mrudie. Ringi kutoka Masasi zilikuwa zimeshafika, nazo peke yake ziliingizwa mara nne. Valvu zilisuguliwa mpaka Mama Oliva akaota zinamfuata shambani. Mara mbili alitupa spana akaenda zake jikoni, na mara mbili alirudi akakuta mumewe ameiokota kwa mkono wa kushoto, amemshikia. Marehemu akaanza kula.

Mwishoni mwa Mei mashine ilisimama nzima, na haikuwaka. Oliva alizungusha hendeli mpaka mikono ikatoka malengelenge. Aliitwa jirani yetu Abuu, fundi wa pikipiki, akaihangaikia siku mbili, kisha akasema kwa heshima, "Mama, hii imekufa." Fimbo ikagonga mara mbili, kwa nguvu.

Mwezi wote wa Juni marehemu akawa anaonyesha jikoni. Akaletewa uji, akaukataa. Akaletewa chai, mihogo, hata kuku, akavikataa vyote na kuonyesha tena jikoni. Watoto walianza kusema kimyakimya kwamba sasa baba amechanganyikiwa. Mama Oliva aliwakemea, lakini usiku alilia, na anaruhusu lisemwe.

Jumamosi tarehe 5 Julai, asubuhi ya baridi kali, Mama Oliva alimletea birika la maji ya moto amnawishe uso. Marehemu alilikamata birika kwa mkono wa kushoto asiliachie. Akaonyesha banda. Mama Oliva akasimama hapo. Akakumbuka kwamba kila mwaka baridi ilipoingia, kwa miaka arobaini na moja, mume wake alikuwa anapita jikoni asubuhi anachukua birika la maji ya moto na kutoka nalo nje, naye akidhani ana mume msafi.

"Baba Oliva!" alisema. "Kumbe ulikuwa hunawi!"

Fimbo ikagonga mara moja.

Chuma kile kikongwe, baridi ikikikaza, hakishiki moto mpaka kipashwe kwanza. Mama Oliva alimimina birika lote kwenye bomba la juu ya silinda, akaongeza na sufuria iliyokuwa motoni. Miaka yote mashine ilimpa yeye maji ya moto, na siku hiyo ilidai irudishiwe kidogo. Oliva akazungusha hendeli, na mama yake, kwa mkono ule ule wa kiapo, akaachia kile kichuma cha juu kinachofungia pumzi. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ya tatu ikashika, pa, pa, pa, pole pole, kama mnavyoijua. Majirani walitoka majumbani wakija mbio, mmoja wao na ndoo. Marehemu alijilaza kidogo kwenye kiti, akafumba macho, akasikiliza. Tulisubiri fimbo. Aligonga mara moja, akacheka kwa upande mmoja wa uso. Jioni aliogeshwa kwa maji ya pipa lake.

Jumatano tarehe 9 Julai 2025, saa moja asubuhi, marehemu aliiaga dunia nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni. Jikoni moto ulikuwa umewaka, lakini Mama Oliva alikataa aoshwe kwa maji ya jikoni; hayo yalitumika kupasha mashine tu. Mashine ikawashwa kwanza, na ndiyo iliyopasha maji ya kumwosha mwenyewe. Unga wa ugali mliokula jana usiku pia ulisagwa nayo.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Anastasia, watoto watatu, Oliva, Erasto na Upendo, wajukuu saba, wapwa wengi, na mashine moja, ambayo kwa kauli ya mjane haiuzwi na wenye mizani wasihangaike.

Tukimaliza hapa, wote mnakaribishwa nyumbani kunawa mikono kama ilivyo desturi. Maji ni ya moto. Mashine imewashwa alfajiri ya leo na Mama Oliva na binti yake, na anayeilinda ni Abuu, kwa adhabu ya kuizushia kifo. Tunaomba tunyamaze kidogo, maana kutoka hapa inasikika.

Baba, ndiyo hiyo. Imeshika. Pumzika sasa kwa amani.