Nikodemo Hakuogopa, Alipaniki

Noah ya abiria iendayo Gare ilipoanza kupanda mlima, Mwanahawa alimtazama kijana aliyeketi naye. Nikodemo alishamwambia kwamba anakwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake. Baridi yote ile, jasho linamtiririka.

"Unaogopa, mwanangu."

"Siogopi, mama. Nimepaniki tu."

"Kwani si kitu kimoja?"

"Hapana. Kuogopa ni kwa watoto. Kupaniki, hata daktari anapaniki."

Mwanahawa akaguna. Kumbe woga ukivalishwa suti ya Kizungu unapewa kiti cha mbele. "Basi mzee akiuliza unatetemekea nini, mjibu hivyo hivyo."

Gari likasimama Gare. Nje mzee mmoja alikuwa ameukodolea mlango macho. Nikodemo akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Konda, hili gari linageuza saa ngapi?"

"Shuka, daktari," Mwanahawa akamwambia.