Gari la Viti Viwili la Stanley Mutembei

Marehemu Stanley Mutembei, ambaye tumekuja kumsindikiza leo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 hapa Isiolo, mtoto wa pili wa Mzee M'Ikiara, akasoma mjini hapa hadi kidato cha pili, mwaka wa 1965, karo ilipokwisha, akaingia gereji ya malori ya Mzee Shire Duale bila cheti chochote mkononi.

Mwaka wa 1974 Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliacha hapo gerejini gari dogo la mbio, la viti viwili, ambalo kwenye kila kona lilirusha makalio kama punda, na Mzee Shire akampa akisema, "Chukua punda wako, Mutembei, lakini nyasi usiniombe mimi." Pesa za vipuri hazikuwepo, kwa hiyo alichonga raba za springi kutoka kwa tairi kuukuu za lori, akanyoosha magurudumu kwa kuyapima na kamba ya katani, akahamisha betri kutoka mbele hadi nyuma, akapunguza upepo wa magurudumu kidogo kidogo, na kila Jumapili baada ya ibada akalijaribu kwenye kona za kupanda Subuiga, njia ya kwenda Meru na Nairobi, hadi likatulia.

Tarehe 20 Agosti 1977 alimwoa Kananu, akiwa amewaahidi wakwe kwamba hatamwacha peke yake Isiolo. Mwaka uliofuata mwenye karakana ya magari ya mashindano kule Nairobi, aliyepita hapa akaliona likikata kona, alimwambia alilete kabla ya mwisho wa mwezi, kazi itakuwa yake, na kwa mtu asiye na cheti, gari hilo ndilo lilikuwa cheti. Waliondoka wawili, lakini kwenye kona ya kwanza ya Subuiga gari liliteleza, likageuka, likatazama lilikotoka, kwa sababu lilikuwa limepimwa kwa uzito wa mtu mmoja, na Kananu, akijikung'uta vumbi, akasema, "Stanley, gari umelishona kama suruali yako, sasa mimi nitaingilia wapi?"

Alicheka, wakarudi, akaanza upya na mkewe akiwa kitini, na lilipowakubali wawili, kazi ya Nairobi ilikuwa imepata mtu mwingine, na mtoto wao wa kwanza, Mwenda, alikuwa amezaliwa, tarehe 9 Mei 1979, akifuatwa na Kagwiria, 1981, na Gitonga, 1984. Kila mtoto aliyepakatwa aliharibu hesabu ya uzito, naye akarekebisha tena, mchana akitengeneza malori ya watu waendao Marsabit na Moyale, jioni akiliendesha gari lake hadi kizuizi cha polisi pale mwisho wa mji na kurudi, bila kulalamika, ingawa Kananu aliona kwamba pale kizuizini aligeuza polepole kuliko ilivyohitajika.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 1987. Tarehe 2 Novemba 1988, hali ilipozidi, Kananu, ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha kuendesha, alimkalisha upande wa abiria, akashika njia ya hospitali mjini Meru, na kwenye kona za Subuiga marehemu, macho yakiwa yamefumbwa, alimwambia, "Usikanyage breki, Mama Mwenda, liachie tu," akaliachia, likapita bila kuyumba, naye akasema, "Kumbe huku kwa abiria ndiko kuzuri." Alifariki tarehe 6.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa hapa mtaani Kiwanjani ambao hawajazima moto tangu Jumapili, mafundi wenzake, na Mzee Shire aliyetoa lori la kumleta nyumbani, kwa kuwa katika gari lake jeneza halingeingia.

Baba Mwenda, Mungu akulaze pema.