Samoni wa Meza ya Bernard

Ilikuwa tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, boti ya Bernard Sobczak ilipoonekana ikizunguka polepole katika Ziwa Michigan, maili nne kutoka bandarini. Injini ilikuwa inanguruma na fimbo tatu za kuvulia zilikuwa bado zimeinama majini. Bernard alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia kichwani, na moyo ulikuwa umeshasimama. Sasa mwaka unatimia Ijumaa, na leo ni Jumanne. Benchi la mbele ya duka la chambo la Lorene liko palepale, linatazama meza ya saruji ambapo watu huwapasua samaki wao, na shakwe wamejipanga juu ya paa kama kawaida. Kahawa imo kwenye birika kubwa la bati mlangoni, kila mtu anajimiminia. Klemens Sobczak, mdogo wake Bernard, aliyestaafu kazi ya kusambaza barua, alikuja taratibu kutoka gatini akiwa ameshika sanduku la barafu kwa vidole viwili.

Waliokuwa wamekaa walikuwa wawili. Mmoja ni Stan Dudek, anayeitwa Rangi kwa sababu hupaka rangi vijiko vya bati, vile vinavyokokotwa nyuma ya boti ili samaki avidhanie dagaa. Mwingine ni Harlan Voss, anayeitwa Barometa, ambaye hatoki nyumbani bila daftari lake la upepo.

— Umerudi na nini, Klemens? aliuliza Rangi, ingawa sanduku alikuwa ameliona lilivyo jepesi.

— Nimerudi na barafu.

— Barafu hata Lorene anayo.

Klemens alijimiminia kahawa akakaa. Hakukasirika. Ilikuwa siku ya kumi na tisa ya kurudi na barafu, na kote mjini kila mtu alijua anatafuta nini. Kwa akina Sobczak, meza ya kumbukumbu ya mwaka huwekewa chakula kile ambacho marehemu alizoea kuwaletea wenzake kwa mkono wake. Mama yao aliwekewa pierogi, yaani sambusa za kuchemsha zenye viazi. Baba yao aliwekewa kabichi chachu. Bernard alikuwa akileta parokiani samoni aliyekaushwa kwa moshi wa kuni za mtofaa, na kwa hiyo samoni lazima awepo mezani, tena atoke kwenye boti ya Bernard, si dukani. Samaki hulala usiku mmoja kwenye chumvi na hushinda siku nzima kwenye moshi. Hesabu ilikuwa rahisi: asipopatikana kesho asubuhi, meza itakuwa na mkate tu.

— Ulitumia kijiko gani? aliuliza Rangi.

— Cha kijani na fedha. Ulinipa mwenyewe.

— Kijani ni cha alfajiri, bwana. Jua likishatoka unaweka bluu. Ukiacha kijani juani, samaki anaona jani la mchicha.

— Samoni ajulie wapi mchicha? aliuliza Barometa.

— Ndiyo maana hali.

Barometa alifungua daftari lake, akalamba kidole, akageuza kurasa.

— Sikiliza, Klemens. Juzi upepo ulitoka mashariki. Upepo huo unasogeza maji, na maji baridi yanashuka. Samoni anafuata baridi. Wewe tufe lako la risasi la kuzamishia mshipi umelishusha futi ngapi?

— Sabini.

— Basi ulikuwa unavua orofani, wenyewe wamelala chini.

— Bernard alikuwa anashusha sabini hata upepo ukitoka mashariki.

— Bernard alikuwa na waya wa kushushia tufe.

— Waya ni uleule, Harlan. Winchi ileile, tufe lilelile la ratili kumi.

— Waya wa chuma ukiwa majini una umeme wake kidogo, alisema Barometa. Samaki anausikia ubavuni. Kuna boti inamwita, kuna boti inamfukuza. Ya Bernard ilikuwa inaita. Wewe umeipaka rangi mpya, umeiziba mdomo.

— Nimepaka jina lake tu, pale nyuma.

— Ndipo umeme unapotokea.

Rangi alitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyesikia dawa ya mganga mwingine.

— Umeme wapi, mzee. Mimi nitakwambia. Kila masika wanaletwa hapa vifaranga wa samoni, wanawekwa kwenye kizimba cha wavu pale pembeni mpaka wawe wakubwa kidogo. Nani alikuwa anawalisha?

— Bernard, alisema Klemens.

— Mara tano kwa siku. Na akiwalisha, injini ya boti inanguruma pembeni. Wale vifaranga wameingia ziwani, wamekula miaka mitatu, sasa wana ratili ishirini. Wakisikia injini ile, wanajua chakula cha mchana kimefika. Bernard alikuwa havui, alikuwa anagonga kengele.

— Injini hiyohiyo ndiyo niliyoiwasha leo saa kumi na moja.

— Ndiyo. Lakini yeye alikuwa anaimba. Litania nzima, na sauti mbaya ile. Wewe unaimba?

— Mimi naomba kimoyomoyo.

— Samaki hasikii ya moyoni.

— Simwombi samaki, alisema Klemens.

Barometa alicheka mpaka kahawa ikamwagikia daftari. Klemens naye alitabasamu kidogo, kisha akasema lile ambalo lilikuwa halijamtoka mdomoni tangu afike.

— Leo walinasa wawili.

Wote wawili walimgeukia.

— Wa kwanza alichomoa mshipi kwenye kibanio cha waya, fimbo ikasimama wima, nikaikimbilia. Nilizungusha kigurudumu cha fimbo labda mara kumi. Nilipotazama nyuma, boti ilikuwa imekata kona yenyewe, mishipi mingine miwili imejisuka kama nywele za mtoto. Ikabidi nikate. Wa pili ni hivyo hivyo. Huyo nilimwona. Mgongo wake ulikuwa mpana kama koleo.

— Fundo lilikuwa baya, alisema Rangi.

— Ulikuwa unakwenda kasi, alisema Barometa. Ukizidi maili mbili na nusu, kijiko kinazunguka badala ya kuyumba.

— Au fimbo ilikuwa upande wa jua.

— Au ulivaa viatu vyeusi. Samaki anaona kivuli cha mguu.

Wakati huo mlango wa duka ulifunguka, akatoka Bi Yolanda Prewitt, mwalimu mstaafu aliyehamia mwezi uliopita kwenye chumba cha juu ya duka. Alikuwa ametoka bara, kwenye mashamba ya mahindi, na maishani mwake hajapanda boti. Alikinga kikombe chake kwenye birika. Lilitoa tone moja, la pili, likakohoa, likanyamaza. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha.

— Samahani, baba, alimwambia Klemens. Mimi sijui mambo haya. Kaka yako akiwa anavuta samaki, nani alikuwa anashika usukani?

Rangi alifungua mdomo.

— Alikuwa anaufunga na mkanda, alisema.

— Ulimwona? aliuliza Klemens.

— Hapana. Nadhani.

— Alikuwa anaushika kwa goti, alisema Barometa.

— Ulimwona?

Barometa alitazama daftari lililolowa. Hakuwa amemwona. Alijua upepo wa kila siku ambayo Bernard aliingia ziwani, alikuwa ameuandika wote, lakini kwenye boti ile hakuwahi kukanyaga.

— Aliniambia niende, alisema Barometa. Mimi nikawa nangoja hali ya hewa itulie.

— Miaka kumi na mmoja? alisema Rangi.

— Na wewe?

— Mimi nilitaka kwanza nimalize kijiko kimoja. Cha zambarau. Nilitaka nimpelekee kikiwa kimekamilika.

Bi Yolanda aliona ameuliza jambo zito kuliko alivyokusudia, akataka kuomba radhi. Klemens alimzuia kwa mkono.

— Sijui, mama, alimjibu. Nilipaswa kujua, na sijui.

Bernard alipokuwa hai, kila Ijumaa jioni simu ililia. Kesho saa kumi na moja, Bernard alisema, kiti kipo. Klemens alisema nyasi zimekuwa ndefu. Alisema magoti yanamuuma. Alisema wiki ijayo, na wiki ijayo akasema vilevile, na Bernard hakununa hata mara moja, alisema sawa ndugu yangu, lala vizuri. Mwaka mzima Klemens alikuwa akiwaambia watu kwamba kaka yake alipenda kuvua peke yake. Hata yeye alikuwa amekwisha kuliamini. Ndiyo maana siku hizi kumi na tisa alikwenda peke yake, akidhani ndivyo heshima inavyotaka.

Alisimama, akamwaga masimbi ya kahawa yake mchangani.

— Kesho ndiyo ya mwisho, alisema. Nataka mtu wa kushika usukani.

— Mimi natapika majini, Klemens, alisema Rangi. Unajua.

— Utatapika huku umeushika.

— Kesho upepo, alianza Barometa.

— Sikuuliza upepo, Harlan.

Barometa alifunga daftari.

— Saa kumi na moja, alisema.

— Kumi na moja. Wote wawili. Nafasi ipo, ilikuwepo siku zote.

Kisha Klemens alivua kofia. Rangi naye akavua yake, na Bi Yolanda akaweka kikombe kitupu juu ya benchi, akafumba mikono. Klemens aliomba kwa sauti, polepole, akitazama maji.

— Bwana, ulimkuta Bernard akiwa peke yake kwa sababu sisi hatukwenda. Tusamehe. Wewe ulikuwa naye saa ile, na hilo nalishukuru. Samaki tumwombe tusimwombe, utatupa unavyoona. Ila yeye umpe pumziko lisilokwisha, umwangazie nuru yako, umkalishe karibu na Mama yako, kwa kuwa Bernard aliondoka siku ya sikukuu yake. Na asikae tena peke yake. Amina.