Mwalimu wa Karate Aliyelichunga Neno "Piga"

Ijumaa, tarehe 28 ya mwezi huu, mwalimu wetu wa karate atavua mkanda wake baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha katika kituo hiki. Mimi, msaidizi wake, nimeombwa niandike wasifu wa furaha. Furaha ipo, lakini Jumatatu inayofuata darasa ni langu, na hofu nayo ipo.

Alianza akiwa na miaka ishirini na tisa, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti. Wazazi walidhani ni mfagiaji, wakawa wanamwuliza mwalimu atafika saa ngapi. Leo wanafunzi wake wa mwanzo wanamletea watoto wao, na kabati la vikombe halifungiki. Sauti yake husikika hadi getini, na wachelewaji hana simile nao.

Lakini mwulize ni kazi gani iliyompa shida na raha kuliko zote, atakutajia binti wa fundi cherehani. Binti huyu ana usonji. Aliletwa miaka minne iliyopita akiwa na miaka tisa, baada ya madarasa mawili kwingineko kumkataa kwa adabu. Mama yake alisimama mlangoni akiwa amekumbatia mkoba, tayari kuondoka naye. Lebo ya sare ilikuwa inamwasha shingoni; mwalimu akaikata kwa mkasi. Kisha akaamuru darasa lipige magoti, na binti akaanza kuyapiga magoti yake kwa ngumi, kwa bidii zote, kama alivyoambiwa.

Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka. Alikwenda nyumbani akaorodhesha kila "piga" tuliyokuwa tukiitumia: kupiga foleni, kupiga hatua, kupiga makofi, kupiga kelele. Kipindi kilichofuata akatangaza kwamba ndani ya ukumbi huu "piga" ni ngumi au teke, basi, na atakayeteleza ulimi atafanya pushapu kumi. Wa kwanza kuteleza alikuwa yeye mwenyewe. Wa pili ni mkuu wa kituo, aliyechungulia kulalamika kwamba amepiga simu mara tatu haipokelewi. Alishuka sakafuni na tai yake. Ilituchukua miezi kuzoea. Binti naye akapanda hadi mkanda wa kijani.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Wiki tatu zilizopita mwalimu alikuwa likizo, nami nikaachiwa darasa siku moja kabla ya mtihani wa mikanda. Watoto walikuwa na wasiwasi, na mimi zaidi yao. Katika kuwatia nguvu nikasema wapige moyo konde. Binti alimgeukia mwenzake, akamtandika ngumi safi kifuani, upande wa moyo. Mwenzake alianguka kitako, akalia. Hakuumia sana, ila binti alipoyaona machozi aliziba masikio, akaingia chini ya meza, na hakutoka hadi mama yake alipofika. Wiki mbili hakuonekana. Mama aliniambia kwamba huko nyumbani anarudia sentensi moja tu: "Nilifanya alivyosema."

Nilikonda. Nilimwendea mwalimu nikamwomba atafute mtu mwingine wa kumrithi, maana mtoto huyu akitupotea mikononi mwangu sitajisamehe. Hakunigombeza. Alinipeleka hadi kwa fundi cherehani, akanikalisha mbele ya binti, akaniachia niseme mwenyewe. Nikamwambia kwamba ngumi yake ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa neno langu. Binti akauliza kama nimeshafanya pushapu zangu. Nilizifanya palepale, katikati ya vipande vya vitambaa.

Alirudi Jumatano ya wiki hii. Mwalimu alikaa makusudi kwenye benchi la nje, mlango ukafungwa, nami nikasimama mbele ya darasa. Binti aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Jumatatu mwalimu atakuja?"

Ningeweza kumpa jibu tamu. Nilimwambia hatakuja, Jumatatu wala siku nyingine, nitakuwepo mimi. Alitoka kwenye nafasi yake, akanijia. Kisha akanishika mkono wa sare, akanivuta kushoto hadi pale ambapo mkeka umechujuka rangi kwa nyayo za mwalimu, akaniachia, akarudi kwenye nafasi yake.

"Hapa," alisema. "Anza."

Mwalimu, haya hukuyaona kwa kuwa ulikuwa nje, na nilipotoka nilishindwa kukusimulia. Ndiyo maana nayaandika. Hofu bado ninayo, lakini Jumatatu nitasimama pale binti aliponiweka. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wanafunzi na wazazi wao, nakushukuru kwa moyo wote. Uende salama, upumzike kweli, na afya yako iwe njema miaka mingi.