Damari Kalinga, Aliyepamba Ukingo wa Soko la Itwanga (1899–1958)

Marehemu Damari Kalinga alizaliwa Rungwe mwezi Aprili 1899, mtoto wa tatu wa mzee Asukile na mama Alinanuswe. Mama yake alifagia uwanja kabla ya kuwasha moto, na Damari alikua akiamini kwamba siku haijaanza mpaka ufagio upite.

Alisoma shule ya misheni hadi akaimudu Biblia na hesabu. Baada ya masomo wasichana walimwagilia maua meupe ya makaburini, yaliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Aliipenda kazi hiyo kuliko hesabu, na mwalimu alijua.

Mwaka 1921 alifunga ndoa na Sedekia Kalinga wa Iringa, ambaye baadaye aliendesha lori la Iringa, Mbeya na Chunya. Sedekia aliporudi na vumbi la Chunya hakuvuka mlango kabla ya kunawa. Alizoea kusema kwamba vizuizi vya barabarani vyote vilimpitisha, isipokuwa cha nyumbani kwake.

Walihamia Itwanga, nje kidogo ya Mbeya, na Damari akauza ndizi sokoni. Taka zote za soko zilitupwa ukingoni mwa kijito ambacho watu walichota maji, ingawa baraza lilitoza faini. Mwaka 1953 bwana afya alionya kwamba kijito kisiposafishwa kabla ya masika, soko litafungwa. Damari akaenda barazani kuomba sehemu ya ushuru wa soko ilipe wafagiaji, mashimo ya taka na miche ya kushika udongo. Mjumbe mmoja, mzee Eliezeri, alimjibu kwamba fedha za umma hazinunui maua. Kikao kikacheka. Damari akarudi nyumbani kuchukua jembe.

Yeye na wauzaji wenzake walizoa taka zile, wakainua tuta refu, wakapanda maua meupe na kuyazungushia mawe ya chokaa, jinsi alivyofundishwa shuleni. Kuanzia hapo hakuna aliyetupa hata ganda. Wapita njia walivua kofia. Mzee Eliezeri naye alivua yake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama Tusajigwe, nani amelala hapa?"

"Bado, baba. Tunamngoja wa kwanza atakayetupa taka."

Mzee alicheka mpaka akashika magoti. Kikao kilichofuata ni yeye aliyesimama na kusema kwamba tuta lile limeweza kilichozishinda faini, na kwamba si haki wanawake walipe ushuru kisha wafagie bure. Baraza likapitisha fungu la usafi, la kila mwaka. Damari alisema neno moja tu, "Ndaga," ndiyo asante ya kwao Rungwe. Soko halikufungwa. Wauzaji wa Iringa walikuja kuchukua miche. Mimi mpwa wake nimepita masoko ya Ndola, Beira na Mombasa. Ukingo kama ule sijauona.

Tangu mwaka jana kifua kilimsumbua. Alitibiwa Mbeya, na kila alipopata mgeni alimwuliza kwanza kama maua yamepata maji. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 15 Julai 1958.

Ameacha mume wake Sedekia, watoto wake Tusajigwe na Danieli, mdogo wake Jailos, na wajukuu.

Wauzaji wa Itwanga wamebeba mawe kutoka ukingoni na kuyapaka chokaa mpya. Yamezunguka kaburi hili, na maua ni yale yale. Leo anayevua kofia hajakosea.

Mama yetu apumzike, mahali palipofagiliwa.